Je, Mtunzi Aweza Kushinda Mara ya Pili?

Katika kila mtaa wenye waimbaji hujadiliwa jambo moja, tangu barazani hata kisimani. Mtu ametunga nyimbo za mchezo wa kuigiza, au ametoa wimbo katika taarabu, watu wakafurika, wakamtuza fedha, watoto wakauimba njiani mwezi mzima. Kisha yasemwa, "Tungoje wa pili tuone." Na wa pili ukija, wazee hutikisa vichwa na kutaja methali yetu, ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Methali hiyo ni ya kweli kwa wagema, nami sina ugomvi nayo. Lakini kwa watunzi naona ya kuwa yatumika vibaya. Yadhaniwa kwamba kosa lote limo katika kiburi cha mtunzi. Naye asipokuwa na kiburi, basi wimbo wa pili utakuwa mtamu kama wa kwanza. Mambo hayaendi hivyo. Mgema hupanda mnazi ule ule asubuhi na jioni, na mnazi humpa tembo lile lile. Akilitia maji ni shauri lake mwenyewe. Mtunzi je, mnazi wake ni upi? Hilo ndilo swali la kuuliza kwanza, na wachache huliuliza.

Tuanze mbali, kisha turudi kwetu Unguja.

Huko Italia alikuwako kijana jina lake Pietro Mascagni, mwalimu wa muziki katika mji mdogo uitwao Cerignola. Mpiga chapa mmoja wa vitabu vya muziki aliweka mashindano ya michezo mifupi ya kuimbwa, ile iitwayo opera, na kijana huyu akapeleka mchezo wake, Cavalleria rusticana, yaani habari za wivu na kisasi kijijini, siku ya Pasaka. Ulipochezwa Roma mwaka 1890, naye akiwa na umri wa miaka 26, watu walipagawa kwa furaha. Katika muda mfupi jina lake lilikuwa limevuka bahari. Akaishi hata mwaka 1945, miaka 55 baada ya usiku ule, akatunga opera nyingine zaidi ya kumi. Na leo ukimtaja Mascagni watu hutaja ile ya kwanza tu. Mwaka 1901 alifanya jambo la ajabu: mchezo wake mpya ulifunguliwa siku moja katika majumba ya miji kadhaa ya Italia, kana kwamba wingi wa majumba utazaa wingi wa furaha. Katika miji mingi haukupendeza hata kidogo.

Mwingine ni Lionel Bart wa London, na habari zake zapasa kukaliwa kitako, kwa kuwa zina machungu. Bwana huyu hakujua kusoma wala kuandika alama za muziki. Aliimba au kupiga mbinja, na mwenye ujuzi akaandika. Mwaka 1960 alitoa mchezo wenye nyimbo, Oliver!, alioutoa katika kitabu cha Charles Dickens, habari za mtoto yatima aliyethubutu kuomba uji zaidi. Mchezo ule ulichezwa miaka mingi London, ukavuka hata Marekani, ukatengenezwa sinema. Baada yake alitoa mingine miwili iliyopokewa vizuri kiasi. Kisha mwaka 1965 akatoa Twang!!, mchezo wa Robin Hood, na tangu mwanzo wote waliokuwa karibu waliona ya kuwa mashua inaingia maji. Yeye hakukubali. Alitia fedha zake mwenyewe, na zilipokwisha, akauza haki zake za Oliver! ili kuuokoa ule uliokuwa ukizama. Mchezo ulizama vile vile, na mwaka 1972 Bart akatangazwa kuwa amefilisika. Fikiri, msomaji: alimwuza mzaliwa wa kwanza ili kumnunulia dawa mtoto ambaye kila tabibu alikwisha sema kwamba hatapona. Mimi sioni hapa kiburi cha mgema. Naona hofu, ya mtu aliyeambiwa na ulimwengu mzima ya kuwa lazima afanye tena lile alilolifanya, ilhali hajui alilifanyaje.

Lakini yuko na wa tatu, ambaye wale wapendao methali hawamtaji: Giuseppe Verdi. Mchezo wake wa kwanza, mwaka 1839, ulipendwa kiasi. Wa pili, mwaka 1840, ulianguka vibaya, naye wakati ule alikuwa amekwisha wazika watoto wake wawili na mkewe. Akakusudia kuacha kazi. Wa tatu, Nabucco, mwaka 1842, habari za Wayahudi mateka wa Babeli, ndio uliomfanya kuwa mtu mkuu, na baada ya huo alishinda tena na tena hata mwaka 1893, alipotoa Falstaff naye akiwa na miaka 79. Basi yawezekana. Aliyesema kwamba haiwezekani kabisa, na atufahamishe Verdi alikuwa nani.

Sasa na turudi nyumbani. Sisi hatuna majumba ya opera, lakini tuna taarabu, nayo kwa haki ni mchezo wa jukwaani: una wapiga vyombo, una mwimbaji aliyepambwa, una mashairi yenye kisa, na una watazamaji ambao nao ni wachezaji, maana ainukaye kwenda kutuza wakati wa ubeti fulani amekwisha sema neno mbele ya watu wote. Wasomaji wengi wajua asili yake hapa: ya kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza muziki na kupiga kanuni, ya kuwa chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na ya kuwa nyimbo za kwanza ziliimbwa kwa Kiarabu, kwa ajili ya jumba la Sultani na mabwana wenye nyumba za ghorofa. Hayo yameandikwa mara nyingi, nami nayapita.

Mtu ninayemtaka ni Bibi Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, katika watu wa daraja ya chini waliotoka katika utumwa. Hata jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Elimu ya shule hakuipata. Kazi yake ilikuwa vyungu, kuvifinyanga na kuvichukua mjini kuviuza, na yasimuliwa ya kuwa watu waliijua sauti yake ikinadi vyungu kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba kwa vyombo, akajiunga na wenziwe, Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaabani. Wakaimba kwa matajiri wa Mji Mkongwe, wakaimba na Ng'ambo kwa maskini.

Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay, na kampuni ya His Master's Voice ikatia sauti zao katika sahani za santuri. Hizo ni miongoni mwa sahani za kwanza za nyimbo za Kiswahili zilizofanywa kuuzwa. Watu wa Afrika ya Mashariki walizinunua kama mkate wa asubuhi. Hesabu iliyobaki katika vitabu yasema ya kuwa kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa sahani zipatazo 72,000, nazo ni nyingi mno ukikumbuka bei ya kinanda cha santuri na uchache wa fedha mikononi mwa watu. Makampuni mengine yaliona, yakaja mbio kutafuta waimbaji wa pwani. Kisha ikawa kama maji yakipwa. Dunia iliingia katika dhiki ya biashara, bei ya karafuu ikaanguka, na biashara ya sahani ikapungua sana. Siti hakupata tena mwaka mwingine kama ule wa 1928.

Basi hapa wenye methali watasema, "Umeona?" Ngoja kwanza. Na tuufungue ushindi ule tutazame ndani yake mna nini, kama mtu afunguavyo saa.

Ndani yake mlikuwa na upya wa chombo. Mtu wa Bagamoyo au wa Lamu hakupata kusikia sanduku likisema Kiswahili; lilisema Kiarabu cha Misri, Kihindi na Kizungu. Siku liliposema lugha yake mwenyewe, angelinunua hata kama mwimbaji angekuwa na mafua. Upya huo huja mara moja tu. Hata malaika hawezi kumfanya mtu asikie kwa mara ya kwanza jambo alilokwisha lisikia jana. Tena mlikuwa na ajabu ya mtu mwenyewe: mwanamke wa shamba, mwuza vyungu, akiimba kazi iliyokuwa ya mabwana. Ajabu nayo huzoeleka. Ukitoa haya mawili, chabaki nini?

Chabaki kitu ambacho sahani zenyewe hazikionyeshi vizuri, nami hapa naomba ruhusa ya kuhukumu. Nyingi katika nyimbo zilizotiwa katika sahani zilikuwa za mapenzi na sifa, baadhi kwa Kiarabu au Kihindi, nazo ni nzuri kama mawaridi yalivyo mazuri. Lakini mawaridi yako katika kila bustani. Zilizomfanya Siti awe Siti kwa watu wa Ng'ambo ni zile za mambo ya mji. Uko wimbo wa Kijiti, mtu aliyemwua mgeni wa kike aliyetoka Dar es Salaam. Mwuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuja mahakamani kutoa ushahidi. Jambo kama hili lilikuwa kooni mwa kila mtu kama mwiba wa samaki. Hapakuwa na gazeti la maskini, wala baraza la kutunga sheria lenye mtu wao. Mwaka ule ule wa 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Katika mji wa namna hiyo, mwimbaji aliyeweza kulitaja jina la mwuaji kwa sauti tamu, mbele ya watu, hakuhitaji upya wa chombo chochote.

Nyimbo hizo zilitungwaje? Hapa nawajibu wale watakaosema kwamba namchanganya mwimbaji na mtunzi. Katika kundi lile hakukuwa na mmoja aketiye peke yake na kalamu. Habari iliingia na mgeni, ikasemwa, ikacheka watu, ikalia watu. Mmoja akaleta ubeti, mwingine akaurekebisha, mwingine akatafuta sauti katika udi, na Siti akauonja kinywani kama mpishi aonjavyo mchuzi. Majirani walikuwa wakipita wakasikia, wakasahihisha habari: "Siyo hivyo, alitoka kwa mlango wa nyuma." Mtunzi alikuwa ni kundi zima pamoja na uwanda wake. Sasa nauliza tena lile swali la mnazi. Mnazi wa Siti ulikuwa mji wa Unguja wenyewe, na mji hauishi habari. Kesho utaleta kesi nyingine, harusi nyingine, mwizi mwingine. Kwa hiyo aliweza kushinda mara ya pili, na ya kumi, nyumbani, usiku, mbele ya watu thelathini; na aliendelea hivyo baada ya makampuni kusahau njia ya kwake. Alikufa mwaka 1950. Shaaban Robert, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza wino wake, aliandika wasifu wake, kitabu ambacho hata leo kimo katika mikono ya wanafunzi.

Najua neno moja litasemwa dhidi yangu: ya kuwa ushindi wa watu thelathini si ushindi, na ya kuwa bila sahani zile za 1928 tusingemjua. Neno la pili ni la kweli nusu. Neno la kwanza silikubali. Ni sisi tulioharibu mizani, tukapima kila kitu kwa ule mwaka mmoja ambao upya na ajabu na fedha vilikutana kama mito mitatu. Mtu akipata mafuriko ya kwanza shambani mwake, je, kila mwaka atahesabu mvua kwa mafuriko? Na hili ndilo kosa la watazamaji wa Mascagni pia. Walitaka mafuriko. Naye, badala ya kurudi kwa wanakijiji wake wenye wivu na ibada, akawa akitafuta mafuriko kwa vyombo: mara mchezo wa nchi ya Japani, mara wa watu wenye vinyago, mara majumba mengi siku moja.

Mji wetu umeonyesha na njia nyingine ya kurudia ushindi, nayo ilipata nguvu zaidi bara. Vikundi vya Dar es Salaam, Muungano na TOT, vilikuwa majumba ya michezo yanayotembea: usiku mmoja utapata ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, na mwisho taarabu. TOT ilianza mwaka 1992, chini ya Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015; na Bibi Khadija Kopa, mwana wa Unguja aliyekuwa ameanza kuimba na Culture Musical Club, akachukuliwa huko. Upande wa pili Muungano walikuwa na Bibi Nasma Khamis. Basi huyu alitoa wimbo wa kumchoma yule, yule akajibu, na watu wakagawanyika kama washabiki wa mpira. Hiyo ndiyo mipasho.

Lazima nikiri kwamba kwa ufundi njia hii ni ya akili sana. Mtunzi aliyeshinda jana hana haja ya kujiuliza leo atunge nini. Adui yake amekwisha mwambia. Wimbo wa pili huzaliwa katika tumbo la jibu. Tena si mpya: hata zamani vyama vya wanawake wa pwani vilijibizana kwa beti, na majibizano ya washairi wetu yalikuwa ya namna hiyo hiyo, na mengine yametuachia lugha safi kabisa. Lakini angalieni yaliyotokea. Jibu la kwanza lilikuwa na fumbo. La pili lilikuwa na fumbo jepesi. La tano halikuwa na fumbo, ni tusi lililovaa kanga. Kwa kuwa watu walilipa kwa ajili ya kuona nani amechomwa, mtunzi alipaswa kuongeza pilipili kila mara, hata ladha ya samaki ikapotea. Bibi Khadija mwenyewe ana sauti ambayo haikuhitaji pilipili hiyo. Amedumu miaka mingi baada ya vita vile kupoa, na hiyo ni shahada yake. Watunzi waliomwandikia ndio ninaowalaumu, nao majina yao wasikilizaji wengi hawayajui, maana kwetu mwimbaji huchukua sifa zote, na mtunzi huchukua bahasha.

Kabla sijaondoka katika jukwaa, na tumkumbuke Byron Kawadwa wa Uganda. Yeye na mwanamuziki Wassanyi Serukenya walishirikiana kufanya michezo yenye nyimbo kwa Kiganda, na Oluyimba lwa Wankoko, wa mwaka 1971, yaani wimbo wa jogoo, uliwavuta watu wengi mno katika jumba la michezo la Kampala. Mwaka 1977 mchezo ule ulipelekwa Lagos katika sherehe kubwa ya sanaa za Waafrika. Aliporudi, Kawadwa alikamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa mwaka ule ule. Tunapojadili kama mtunzi aweza kurudia ushindi, tusisahau wale ambao swali lao lilijibiwa na bunduki. Tena jogoo yule alikuwa na mnazi kama wa Siti: alikuwa akisema mambo ya ufalme na watu wake, mambo yaliyokuwa kooni.

Sasa niseme jambo la karibu, la shamba, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kuna mwalimu kijana katika shule moja ya huku kwetu Unguja, simtaji wala shule siitaji. Miaka michache iliyopita alitunga mchezo wa kufunga shule, wenye nyimbo tano, juu ya wachumaji wa karafuu na mnunuzi mwenye mizani ya uongo. Kila aliyekuwako alicheka hata machozi, kisha akanyamaza, kwa kuwa katika wimbo wa nne mchumaji anahesabu vidole vyake na siku za msimu, na hesabu haitoshi. Wazazi walikwenda nyumbani wakiuimba. Tangu siku ile kijana hana raha. Kila sherehe aambiwa, "Mwalimu, tupe kama ule." Akatoa wa pili, sauti zile zile, maneno mengine, watu wakapiga makofi ya adabu. Akatoa wa tatu, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ni yule wa mwaka juzi, amevaa kanzu nyingine." Watoto wakacheka. Mwaka huu amekataa kutunga. Asema kipawa kimemtoka.

Nami sisadiki kwamba kimemtoka. Nilimwuliza alivyotunga ule wa kwanza. Akasema ya kuwa msimu ule alikaa jioni nyingi uwanjani pa kuanikia karafuu, kwa mjomba wake, akisikiliza wachumaji wakichambua na kutetana juu ya pishi. Na wimbo wa nne, karibu wote, ni maneno ya mama mmoja aliyekuwa akihesabu kweli. Nikamwuliza, wa pili? Akasema aliutunga chumbani, kwa siku tatu, na daftari ya ule wa kwanza mbele yake. Naam! Alikuwa akigema daftari. Na sisi tuliomzunguka tulimsukuma huko, kwa kuwa hatukumwambia, "Tuletee habari nyingine," tulimwambia, "Tuletee ile ile." Ni nani asiyelitia maji tembo hilo, ikiwa mnazi umeondolewa na ameachiwa kibuyu tu? Wazazi na walimu wa kwaya, ninyi mnaosoma haya, mtazame neno mlisemalo baada ya makofi. Lina nguvu kuliko makofi yenyewe. Yule kijana ningependa arudi uwanjani msimu ujao bila daftari, hata kama hatatunga kitu mwaka mzima. Verdi, baada ya Aida ya 1871, alikaa miaka 16 kabla ya kutoa opera nyingine mpya, nayo ilikuwa Otello.

Yabaki habari ya mtu aliyerudia ushindi, si wake, bali wa mwingine. Fatuma binti Baraka, tumjuaye sote kwa jina la Bi Kidude, aliwaona na kuwasikia watu wa kundi la Siti, akazichukua nyimbo zao. Ulimwengu ulimtambua akiwa mkongwe kabisa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, wakati ambapo wenzake wa umri ule walikuwa makaburini au vitandani. Wako wasemao kwamba hakutunga, aliiga tu. Mimi namwona tofauti. Yeye alikuwa na ngoma yake mwenyewe, ya unyago, aliyoipiga na kuwafundishia wari, na alipouimba wimbo wa Siti hakuigiza sauti ya Siti. Sauti ya Siti katika sahani ni nyembamba, ya juu, yenda kama uzi wa hariri katika tundu la sindano. Ya Bi Kidude ilikuwa nzito, yenye kukwaruza, kama ngalawa ikiburutwa juu ya mchanga. Aliuvunja ubeti mahali alipopenda, akatia neno la leo, akamtania aliyekaa mbele. Kwa hiyo aliyesikia hakusema, "Kama ule." Alisikia mwingine. Hata hivyo, kwa maoni yangu, waliomchukua huku na huko majuu walimwomba mno nyimbo zile zile chache, na ngoma zake za wanawake, ambazo ndizo zilizokuwa mnazi wake hasa, zikasikiwa kidogo kuliko zilivyostahili. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Wimbo aliokuwa akiombwa sana ni Muhogo wa Jang'ombe, ambao ulikuwa wa Siti kabla yake. Vijana waliosoma katika Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, nao wameujua, wakaupiga kwa udi na fidla na wengine kwa magitaa. Wageni huuomba, na wenyeji huuitikia bila kuombwa. Jang'ombe yenyewe siku hizi ni mtaa wa nyumba zilizobanana, na atafutaye muhogo pale ataupata sokoni, umetoka shamba.